Jua letu ni la Januari: Toka nje, lakini kwanza jifunze kuelea

Kuna hii tabia yetu ya kukopa majira ya watu. Julai ikifika, simu zinajaa picha za wazungu wakiota jua ufuoni, nasi huku Nairobi tumejifunika shuka la Kimaasai, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, tukiulizana jua limehamia wapi. Kisha Januari inafika. Mvua za vuli zimekatika, masika bado yako mbali, anga ni buluu toka asubuhi hadi jioni. Na wewe uko wapi? Uko ndani, umefunga pazia ili mwangaza usiharibu skrini.

Najua utasema nini. Njaanuari. Karo, kodi, madeni ya Krismasi. Sawa, hilo nimelisikia na tutalirudia. Lakini pesa siyo kitu cha kwanza kinachotuzuia. Kuna kingine ambacho hatupendi kukisema mbele ya mabeshte, na ndicho kimenifanya niandike haya: wengi wetu tunaogopa maji. Na tunaogopa kwa sababu nzuri, hatujui kuogelea.

Tuanze na raha kwanza.

Watu wa Pwani hawahitaji kukopa majira ya mtu. Wana kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini mashariki unaovuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, na wana kusi, unaoshika zamu baada ya hapo na kuleta mawimbi makali na mwani tele ufuoni. Kwa karne nyingi kaskazi ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na kusi ikayarudisha. Siku hizi majahazi ni machache, lakini upepo ni uleule, na umepata kazi mpya: kuvuta watu.

Nazungumzia mchezo ambao vijana wanaoufundisha kule Diani, Watamu na kaskazini mwa Malindi wanauita kaiti. Unasimama juu ya ubao mwembamba, mkanda mpana umefungwa kiunoni, nyuzi ndefu zinapanda hadi kwenye tiara kubwa kama paa la kibanda. Upepo ukiishika hiyo tiara, unateleza juu ya maji kwa kasi ya bodaboda isiyo na breki. Wanaojua wanaruka hewani na kutua taratibu kama ndege. Ukikaa ufuoni alasiri ya Januari utawaona kwa makumi.

Nitakuwa mkweli: kaiti ni ghali. Mafunzo ya siku chache yanaweza kumeza mshahara wa mwezi wa mtu wa kawaida, ndiyo maana wanafunzi wengi utakaowaona ni wageni. Lakini siyo lazima uanze na kaiti. Kuna ubao wa kasia, ambao ni mpana kama meza ya chakula. Unasimama juu yake, unapiga kasia refu pole pole. Kuna kayaki ya watu wawili, nzuri sana kwa kupima kama huyo mtu wako mnaweza kuelewana. (Mkishindwa kupiga kasia pamoja kwa dakika 20 bila kugombana, msitafute nyumba.) Vitu hivi vinakodishwa kwa saa, na mkiwa kikundi bei inashikika.

Kwangu mimi, mahali pa kuanzia ni mkono wa bahari wa Mida, hapo karibu na Watamu. Maji yametulia, yamezungukwa na mikoko, na ukianguka mara nyingi utasimama kiunoni. Lakini hata huko kuna somo, na watu wa bara hatulijui. Mwambie nahodha wa Mida kwamba unataka kutoka saa nane mchana, hatakuuliza kama umelipa. Atapiga hesabu ya mwezi kwanza.

Iko hivi. Bahari inajaa na kupwa mara mbili kwa siku. Toka maji yamejaa kabisa hadi yapwe kabisa ni kama saa sita. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, tofauti hiyo inakuwa kubwa zaidi, na hicho kipindi ndicho watu wa huko wanakiita bamvua. Pwani ya Kenya wakati wa bamvua, maji yanaweza kupanda na kushuka takriban mita nne. Hiyo ni zaidi ya ghorofa moja! Sasa fikiria Mida, ghuba pana yenye mlango mwembamba. Maji yakianza kutoka, yote yanapita kwenye ule mlango kwa pamoja. Ukiwa hapo na ubao wako bila kujua, utapelekwa baharini ukiwa umesimama wima na kasia lako zuri. Ndiyo maana nahodha anaangalia mwezi. Siyo ushirikina, ni ratiba.

Na maji yakipwa usikasirike kwamba safari imekwisha. Hapo ndipo ndege wanashuka kwa maelfu kuokota kaa na minyoo kwenye matope, wengi wao wageni waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Kuna daraja la mbao linaloning'inia katikati ya mikoko, unatembea hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Kiingilio chake kimekuwa kikisaidia kulipa karo ya wanafunzi wa sekondari wa maeneo hayo, kwa hivyo hapo hata mimi sibishani bei.

Nje ya Mida kuna Hifadhi ya Bahari ya Watamu. Hii na ya Malindi zilitangazwa mwaka 1968, za kwanza nchini Kenya. Ukivaa miwani ya maji na kamrija ka kupumulia utaona samaki wa rangi ambazo ulidhani ni za katuni. Ukibahatika utamwona kasa. Kuna shirika la hapo, Local Ocean Conservation, ambalo limekuwa na mpango na wavuvi: kasa akinaswa kwenye wavu, mvuvi anawapigia simu badala ya kumchinja, wanakuja kumpima, kumtibu kama ameumia, na kumrudisha baharini. Na kati ya Oktoba na Februari papa potwe hupita pwani yetu. Usishtuke na jina papa. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, anaweza kupita mita kumi, na chakula chake ni vijidudu na mayai ya samaki anavyochuja majini. Wewe hata hauko kwenye menyu.

Ombi langu ni moja tu: usimrushie samaki mkate, usisimame juu ya matumbawe, na yule kiti cha pweza mwekundu mwache alipo. Najua picha ni tamu ukimweka kiganjani, lakini yeye anapumua majini. Ukimtoa kwa ajili ya picha kumi za watu kumi, hiyo ndiyo siku yake ya mwisho.

Mkishachoka na chumvi, vuka barabara ya Mombasa–Malindi uingie msitu wa Arabuko-Sokoke. Ni kilomita za mraba kama 420, msitu mkubwa kuliko yote iliyobaki kwenye ukanda huo wa pwani ya Afrika Mashariki. Humo anaishi sange wa kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama kamkonga, ambaye karibu wote duniani wako hapo tu. Kuna pia bundi wa Sokoke ambaye urefu wake haufiki kalamu mbili zilizounganishwa. Watu wanapanda ndege toka mabara mengine kuja kumtafuta huyo bundi, na wewe umepita hapo na basi mara sita ukielekea Malindi ukiwa umelala.

Sasa turudi kwa lile jambo.

Umeshafika Watamu na kikundi chenu. Mashua imetoka hadi kwenye matumbawe, nahodha amesema "haya, ingieni". Watu wanane wanabaki wamekaa. Wawili wanaruka. Wanane wanatoa simu na kuwapiga picha wale wawili. Nimeiona hii mara nyingi mpaka najua nani atabaki kabla hatujapanda mashua. Yule anayesema "mimi nilikuja kupunga upepo tu." Yule anayesema nywele zake zimesukwa juzi. (Dada, nakuelewa. Saa sita kwenye kiti cha msusi si mchezo. Kofia kubwa za kuogelea za kutosha rasta na nywele za kusuka zipo sokoni, tafuta.)

Haya mambo yana chanzo. Shule nyingi tulizosoma hazikuwa na bwawa. Nyumbani tuliambiwa mto una majini, na mzazi aliyetuambia hivyo hakuwa mjinga. Alikuwa amezika mtoto wa jirani. Kwa hivyo tumekua tukijua kitu kimoja tu kuhusu maji: yanaua. Na kweli yanaua. Kila likizo tunasoma habari za vijana waliozama kwenye bwawa la timbo, kwenye mto, ufuoni. Lakini hofu peke yake haijamwokoa mtu yeyote. Inakuzuia kuingia siku ukiwa na akili zako, halafu siku ya sherehe, umepiga vitu viwili vitatu, mabeshte wanakusukuma, hofu inapotea na huna ujuzi wa kuishika nafasi yake.

Kwa hivyo hii ndiyo hoja yangu. Kabla ya kaiti, kabla ya kayaki, kabla ya kununua viatu vya kupanda mlima vya elfu tisa, tafuta bwawa. Mitaani siku hizi zipo hoteli na vilabu vingi vyenye bwawa la wazi kwa umma, na kiingilio cha siku mara nyingi hakizidi bei ya pizza. Tafuta mwalimu. Usimwambie akufundishe kwenda mbio. Mwambie akufundishe kuelea chali. Hiyo tu. Uso juu, masikio ndani ya maji, kifua kimejaa pumzi, mikono imetanuliwa. Mwili wa binadamu ukiacha kupigana na maji, mara nyingi unaelea wenyewe. Kinachozamisha watu wengi ni kupiga maji kwa hofu, kichwa kimeinuliwa, pumzi zikikatika. Mtu anayeweza kuelea amenunua muda, na muda ndio unaoletea mtu msaada.

Na usione aibu kuwa mtu mzima kwenye upande wa watoto. Watoto hawana habari na wewe.

Ukishaweza hivyo, Sagana inakungoja. Ni kama saa mbili toka Nairobi ukipita barabara ya Thika, na huko utateremka mto kwa rafti ya mpira, watu sita au zaidi, kila mtu na kasia lake, nyuma ameketi mwelekezi anayepiga kelele kama kondakta wa Rongai. Mto unaanza kwa upole, mnataniana, halafu unasikia mngurumo mbele na utani unaisha. Huo mto ndio unaoenda kujaza bwawa la Masinga na mengine yanayotuzalishia umeme, kisha unaendelea kama Tana hadi Bahari Hindi. Na mto Thika, ambao bwawa lake la Ndakaini ndilo linaloipa Nairobi sehemu kubwa ya maji ya bomba, unaingia humohumo. Kwa hivyo maji yanayokumwagikia usoni Sagana ni ndugu wa yale unayoyangoja bombani siku ya Alhamisi.

Kabla ya kushuka watakupa jaketi la kuelea na kofia ngumu, na watakueleza la kufanya ukianguka. Sikiliza hiyo sehemu, acha kupiga picha. Ukianguka kwenye maji yanayokimbia, lala chali, miguu mbele, vidole vya miguu vionekane juu. Usijaribu kusimama hata kama maji ni ya magotini. Mguu ukinasa kati ya mawe, nguvu ya maji itakulaza kifudifudi na hutainuka. Hilo watu wengi hawalijui, wanadhani kina ndicho hatari. Na ukifika mahali jaketi halina kamba za kufunga, au wanakuambia "hii ni ya mtoto lakini itakutosha," rudi nyumbani. Pesa utatafuta nyingine.

Baharini nako kuna lake. Ukiogelea ukaona ufuo unazidi kuwa mbali, umeingia kwenye mkondo. Usishindane nao kwa kurudi ulikotoka, utachoka. Ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke kwenye mkondo, ndipo ugeuke. Ukishindwa, elea, inua mkono, ita watu.

Wale mnaosema "mimi nitashikilia milima, maji wachia wenyewe," hata huko maji yanawafuata. Hell's Gate, Naivasha, ni moja ya mbuga chache nchini ambapo unaruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na twiga, na kwa raha hiyo mimi naipa namba moja. Lakini lile korongo lake, Ol Njorowa, limeua. Aprili 2012 kundi la vijana wa kanisa kutoka Nairobi lilikuwa ndani yake maji yalipokuja ghafla, na saba wakafariki. Septemba 2019 ikatokea tena, watu wengine wakasombwa. Siri ya korongo ni kwamba mvua hainyeshi hapo ulipo. Inanyesha juu mbali huko, wewe uko chini umevaa miwani ya jua, na kuta zimekubana pande zote. Ndiyo maana nakwambia nenda wakati wa kiangazi, na hata wakati huo, askari wa KWS akisema korongo limefungwa, limefungwa. Usitafute kijana wa kukupitisha kwa njia ya nyuma.

Longonot je? Nenda. Kilele kiko mita 2,776, na ukishafika kwenye ukingo wa kreta unaweza kuizunguka yote, kilomita saba na ushee. Vumbi lake litaingia hadi kwenye meno. Kivuli hakuna, kwa hivyo beba lita tatu za maji na uanze asubuhi mapema. Januari saa sita mchana pale juu ni kikaango. Kilimambogo, kule upande wa Thika, ni mita 2,145 na ina msitu mzuri hadi juu, lakini jina lenyewe limeshakuonya: mbogo ni nyati. Huko huendi bila askari mwenye bunduki. Nyati dume mzee anayekaa peke yake kichakani ndiye mbaya zaidi, hana subira na hana la kupoteza. Na mkiwa Naivasha jioni, usisimame kamwe kati ya kiboko na ziwa. Akitaka kurudi majini hatazunguka.

Niseme pia kuhusu haya makundi ya WhatsApp ya kupanda milima. Mengine ni mazuri mno, nimepata marafiki huko. Lakini yapo yanayobeba watu 60 na mwelekezi mmoja aliye mbele akikimbizana na wenye nguvu, huku nyuma mtu ameachwa na kifundo kilichovimba. Kabla ya kutuma pesa uliza maswali matatu: nani anatembea mwisho? Nani ana sanduku la huduma ya kwanza? Mvua ikinyesha mnarudi? Wakikujibu kwa emoji ya kucheka, hifadhi doo yako.

Na kama doo yenyewe ni kidogo mwezi huu, Karura iko pale. Hekta kama elfu moja za msitu ndani ya jiji, na maporomoko ya maji, mapango na mbega weupe kwa weusi waliorudishwa huko. Wangari Maathai alipigwa mwaka 1999 akiutetea usigawanywe viwanja. Angeshindwa, leo ungekuwa unaona mageti tu.

Mambo ya malipo: mbuga za KWS hazipokei pesa taslimu, unalipa kupitia eCitizen, na bei hubadilika, kwa hivyo angalia kabla hamjachanga. Beba kitambulisho, bila hicho hutathibitisha kwamba wewe ni raia, na bei ya mgeni utaijua siku hiyo. Kwa Watamu, treni ya SGR daraja la kawaida ni shilingi 1,500 hadi Mombasa tangu nauli zilipopanda 2024, kisha unachukua matatu ya Malindi, unashuka Gede na kumalizia kwa tuktuk. Tiketi za wikendi huisha mapema sana msimu huu, na bamvua haingoji mtu, kwa hivyo angalieni kalenda ya mwezi kwanza ndipo mchague tarehe. Wiki zilizobaki kabla ya safari zinatosha kwenda bwawani mara nne au tano.